Trei Isiyo na Jina

Jumatatu, 20 Agosti. Digrii 84 za Fahrenheit. Upepo wa kusini. Mvua hakuna.

Daftari hili ni la hali ya hewa na mavuno. Baba alinifundisha hivyo: digrii, upepo, mvua, basi, ya moyoni mpelekee mchungaji. Lakini mchungaji wetu hana kifuniko mdomoni, na leo nina jambo ambalo nisipoliweka mahali litanitokea puani.

Lorna, mke wangu wa miaka thelathini na nne, amepata sahihi zake. Alitakiwa kuleta mia tano, akapeleka mia tano sabini na moja, na zimekubaliwa. Mwezi wa kumi na moja jina lake litakuwa kwenye karatasi ya kura: Lorna Haug, kiti cha Baraza la Wawakilishi la jimbo. Si kwa tiketi ya chama kikubwa hiki wala kile. Ni kwa chama cha tatu, ambacho hapa Elmdal wanakiita chama cha watu sita, na mimi nimewahesabu, ni watano.

Anachotaka ni kimoja. Mabanda makubwa ya nguruwe yasijengwe karibu na visima, na yaliyokwisha kujengwa yakaguliwe. Kisima cha Ardis, jirani yetu, kimepimwa mara tatu, na mara tatu wamemwambia asinywe. Shuleni, ambako Lorna anaendesha basi mwaka wa ishirini na mbili huu, mabomba ya maji yamefungwa mifuko ya plastiki. Mheshimiwa Rasmusson, anayekikalia kiti hicho sasa, anasema maji ni salama. Bi Boe wa chama kingine anasema iundwe kamati. Lorna akasema basi nitagombea mwenyewe, kama mtu anayesema nitaosha vyombo mwenyewe.

Nimempongeza. Halafu nimekwenda kwenye karakana, nikakaa juu ya ndoo. Naogopa. Sijui naogopa nini hasa, na hilo ndilo linaloniogofya zaidi.

Jumanne, 21 Agosti. Digrii 86. Soya inaanza kugeuka rangi.

Jumapili, 26 Agosti. Digrii 79. Mawingu, mvua imekataa.

Arlen amekuja baada ya kanisa. Ni mdogo wake Lorna, wa pekee, shamba lake linapakana na letu. Ana mabanda mawili ya nguruwe. Nguruwe ni wa kampuni, mabanda ni yake, na kinyesi nacho kinabaki kuwa chake.

Alikaa, akamiminiwa kahawa, akaikoroga muda mrefu ingawa haweki sukari.

"Dada, unajua mabanda yangu yako umbali gani na kisima cha Ardis?"

"Najua. Nilipima kwa hatua."

"Basi unagombea dhidi yangu."

"Nagombea maji, Arlen."

"Kampuni ikiondoa nguruwe wake, mimi nabaki na mabanda mawili matupu na miaka sitini na moja. Nifuge nini humo, popo?"

Lorna alicheka, naye akacheka, na nilidhani yamekwisha. Kwetu watu hawapigi kelele. Mtu akikasirika, anasifia kahawa. Arlen aliisifia kahawa, akasimama, akavaa kofia, akaacha nusu kikombe. Katika miaka yote hii sijamwona akiacha kahawa. Mlangoni akanigeukia: "Shemeji, si uzungumze naye?"

Nikasema nitajaribu. Sikujaribu.

Jumatatu, 3 Septemba. Digrii 77. Upepo mwepesi.

Nimekwenda mjini na kurudi. Magari tisa, vidole tisa. Naandika hili kwa sababu nimeanza kuhesabu. Ukipishana na mtu barabarani huku kwetu, anainua kidole kimoja juu ya usukani, nawe unainua chako. Hata kama mna kesi mahakamani. Baba na mzee Stensrud, baba mkwe wangu, waligombania mtaro miaka kumi na mmoja na hawakukosa kuinuliana kidole hata siku moja.

Alhamisi, 6 Septemba. Digrii 74. Mvua kidogo, haikulowesha hata vumbi.

Nimemsindikiza Lorna kugonga milango kuomba kura upande wa magharibi. Amerudi na furaha. "Nyumba kumi na nne, Verlyn, na kumi na moja wamesema si mbaya!"

Mimi ni mzaliwa wa hapa, na yeye pia, sijui amesahau wapi. Kwetu "si mbaya" maana yake ni hapana. "Nitafikiria" maana yake ni hapana kabisa. Na mtu akikwambia "ama kweli hilo ni wazo tofauti," shika kofia yako uondoke.

Sikumwambia. Alikuwa anapendeza na ile furaha yake.

Jumatatu, 10 Septemba. Digrii 70. Magari tisa tena, kwa bahati. Vidole sita.

Ijumaa, 14 Septemba. Digrii 68. Mavuno ya soya yameanza.

Nimeanza kazi ya msimu kwenye ghala la ushirika, kupima malori. Asubuhi niliingia kwenye chumba cha kahawa, wazee saba wakiwa wamekaa, na mazungumzo yakakatika kama redio iliyochomolewa. Mmoja akasema, "Naam, Verlyn." Mwingine akasema, "Naam." Halafu kila mtu akakumbuka ana kazi mahali.

Gordy, meneja, ambaye nilisoma naye tangu darasa la kwanza, alinifuata kwenye mizani.

"Mzee, mambo?"

"Si mbaya."

"Mwaka huu mavuno haba. Kuna maneno kwamba tupunguze, wabaki watu wawili kwenye mizani." Akapangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi. "Mimi sisemi kitu, bwana. Mke wako ni mtu mwema, alimbeba binti yangu kwenye basi lake miaka kumi. Ila kampuni ya nguruwe ndiyo inayonunua mahindi yetu, unajua wewe."

Najua mimi. Sikumwambia Lorna. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, ndivyo wasemavyo. Nimejirudia methali hiyo njia nzima ya kurudi, na kicheko chenyewe sijakisikia.

Jumatano, 19 Septemba. Digrii 61. Mvua nusu inchi.

Tumerudi tukakuta trei ya chakula kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, imefunikwa karatasi ya foili. Chini nyama ya kusaga na mchuzi wa uyoga, juu vile viazi vidogo vya kukaangwa vimepangwa kwa mistari. Chakula cha msiba, cha mgonjwa, cha mtu aliyezaa. Hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba haina jina.

Hapa hakuna trei isiyo na jina. Kila mwanamke anabandika utepe chini ya trei yake na jina lake kwa wino, maana vyombo vinazunguka toka nyumba hadi nyumba, na lazima urudishe kwa mwenyewe, na huwezi kurudisha kikiwa kitupu. Nimeigeuza hii. Utepe ulikuwepo, gundi yake ipo bado, mtu ameung'oa na kukwangua kwa kisu.

"Mtu mzuri kapita," alisema Lorna, akachukua uma.

Nikamshika mkono. "Mtu mzuri anang'oa jina lake kwa nini?"

Tulitazamana. Akaweka uma chini polepole. Hilo ndilo nililomfanyia mke wangu: nimemfundisha kuogopa viazi.

Nimekimwaga nyuma ya karakana. Mbwa alifika kabla sijageuka, akala chote. Nilikaa kwenye ndoo nikimtazama saa nzima nikisubiri afe. Alilala, akaamka, akaja kunusa trei kuona kama kimebaki.

Alhamisi, 20 Septemba. Mbwa mzima.

Ijumaa, 28 Septemba. Digrii 55. Upepo wa kaskazini.

Bango la kampeni la Lorna lililokuwa mwisho wa njia yetu limeletwa mlangoni. Limekatwa vipande vinne vilivyo sawa, vimewekwa kimoja juu ya kingine kama taulo safi. Kama wangelichoma moto nisingeogopa hivi. Huyu mtu alitumia rula.

Sasa bango lake lililobaki katika kata yetu nzima ya Norden ni la Ardis peke yake. Ana miaka themanini na nne, amelifunga kwa waya kwenye kiti chake cha bustani, na mchana anakaa karibu nalo na chupa yake ya maji ya dukani. Nilipita kumwambia alitoe.

"Mwanangu Verlyn," akasema, "mimi watanifanya nini? Watanifupishia maisha?" Akacheka mpaka akakohoa.

Trei nimeiweka juu ya friji. Siwezi kuitupa, si yangu. Siwezi kuirudisha, sijui kwa nani. Kila nikifungua friji inanitazama.

Jumanne, 2 Oktoba. Digrii 50. Magari saba, vidole viwili. Kimoja kilikuwa cha mgeni, gari la jimbo lingine, sijui kilijifunzia wapi.

Jumatatu, 8 Oktoba. Mvua. Mvua. Mashine zimesimama mashambani.

Jumanne, 9 Oktoba. Mvua. Simu imelia mara tatu wakati wa chakula cha mchana. Ukiinua, mtu anapumua, anakata.

Jumamosi, 13 Oktoba. Digrii 34. Theluji nyepesi asubuhi, imeyeyuka.

Nimebadilisha matairi ya gari la Lorna, nimeweka ya theluji. Nilikuwa kwenye la nne Arlen alipofika kuazima bomba la kupandishia nafaka. Tumekwenda kulitafuta nyuma ya ghala dogo. Hakuulizia hali ya dada yake, nami sikuitaja. Baadaye nimeshusha jeki, nimekunywa kahawa.

Jumanne, 16 Oktoba. Digrii 41. Ukungu.

Lazima niandike.

Leo mchana ilikuwa siku ya mdahalo katika ukumbi wa kanisa: Rasmusson, Bi Boe na Lorna. Mimi nilikuwa ghalani, Gordy akaniruhusu kutoka saa nane. Nilipofika kwenye kona ya Ardis nikaona gari la Lorna ndani ya mtaro, limelala ubavu, na gurudumu la mbele liko shambani peke yake, limesimama wima katikati ya mabua ya soya.

Sijui niliegesha vipi. Nilikimbia nikiita jina lake. Alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, ameufunga mkono wa kushoto kwa skafu, ana damu kwenye paji la uso, hotuba yake imelowa magotini. Ardis alikuwa amesimama kando yake, amemfunika kwa mwavuli ingawa mvua haikuwapo.

"Nimesikia mlio, kong, kong, kong," Lorna alisema. "Halafu gurudumu likanipita, Verlyn. Nikaliona linanipita."

Naibu wa sherifu, askari wetu wa huku, alikuja, akachuchumaa, akatazama. "Nati zimelegea," akasema. "Zimefunguka zote, kana kwamba zilikazwa kwa vidole tu. Kuna mtu aliyeligusa gari hili karibuni?"

Nilifungua mdomo. Ilikuwa kama unapotaka kusema jambo kanisani na wimbo unaanza. Lorna akanitangulia.

"Arlen alikuwa kwetu Jumamosi," alisema. Alisema taratibu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Ndugu yangu. Alikuwa uani, gari likiwa pale."

"Unataka niliandike hilo?"

Akatikisa kichwa. "Hapana. Usiandike."

Hospitalini wamesema kifundo cha mkono kimevunjika, wakakifunga plasta, tukarudi. Njia nzima hakulia. Alipofika jikoni, akakaa akatazama dirisha ambalo ukisimama unaona taa za mabanda ya Arlen, na hapo akalia. Si kwa mkono. Alisema, "Nilikuwa nikikimbia nyuma yake nimemshikia tandiko, Verlyn. Mimi ndiye niliyemfundisha baiskeli."

Alipolala nilifungua daftari hili ukurasa wa Jumamosi. Hati ni yangu. Nilikuwa kwenye la nne Arlen alipofika. Nilikaza nati za tairi la nne kwa vidole, nikaacha spana juu ya matofali, nikaenda kutafuta bomba. Niliporudi nikashusha jeki, nikanywa kahawa. Sikukaza. Msimu mzima nimekuwa nikichungulia madirishani nikitafuta nani atamdhuru mke wangu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 17 Oktoba. Digrii 44.

Nilimletea chai kitandani nikiwa nimejipanga. Nikasema, "Lorna, kuhusu lile gari." Akasema, "Tusimtaje leo, naomba." Nikasema sawa. Nilishukuru! Mungu anisamehe, nilitoka chumbani nikishukuru.

Ijumaa, 19 Oktoba. Digrii 47. Jua. Mahindi yameanza kuvunwa.

Kwetu mtu hamwendei mwenziwe kumtukana. Anamrudishia vyombo. Leo Lorna, kwa mkono mmoja, amepakia kwenye lori langu kila kitu cha Arlen kilichokuwa kwetu: ngazi, chupa kumi na tisa za jemu, msumeno, birika la kahawa la marehemu mama yao ambalo wamekuwa wakibadilishana kila Krismasi. Akaniambia nivipeleke, niviache getini.

Nimevipeleka. Arlen alikuwa mbele ya banda, ndoo mkononi. Alitazama nikishusha kimoja kimoja. Nilipolitoa birika, akaweka ndoo chini. Mtu mwenye moyo angesema pale pale, umbali wa hatua ishirini. Mimi niliingia kwenye lori.

Jumatano, 24 Oktoba. Digrii 40. Gari moja, kidole hakuna.

Jumapili, 28 Oktoba. Digrii 38. Manyunyu.

Kanisani Arlen na mkewe Beverly walikaa upande wa kushoto, sisi wa kulia. Tangu Lorna abatizwe, ukoo wa Stensrud haujawahi kukaa pande mbili. Beverly alimtazama Lorna ule mkono, akatazama pembeni. Ana bango la Rasmusson kubwa kama mlango, mbele ya nyumba.

Mchungaji alihubiri juu ya ulimi. Nilihisi ananihubiri mimi, ingawa nadhani alikuwa anamsema mpiga kinanda.

Ijumaa, 2 Novemba. Digrii 33.

Gordy: "Jumanne ikipita, yote yatarudi kama zamani, utaona." Halafu, akiwa anatazama lori: "Unajua, mzee, kata ya Norden ni watu hamsini tu. Matokeo yanabandikwa kata kwa kata. Ukikaa na kahawa yako unaweza kujua nani kapiga nini."

Alisema kama anazungumzia bei ya soya. Nimeyabeba maneno hayo mpaka nyumbani. Mawazo yangu yakaanza kunifanyia hesabu. Lorna moja. Ardis mbili. Ikitokea tatu, ya tatu ni yangu, na Gordy atajua, na wazee saba watajua, na mizani itabaki na watu wawili.

Jumanne, 6 Novemba. Digrii 31. Theluji ya unga, haishiki.

Tumekwenda pamoja saa nne asubuhi kwenye jumba la kata. Meza tatu, sahani ya biskuti, wasimamizi wote nimewajua tangu utotoni. Mmoja wao alinipa karatasi na kalamu, akasema, "Naam, Verlyn." Lorna alipiga yake kwa mkono mmoja, nikamsikia akihema nyuma ya kizuizi cha kadibodi jirani na changu.

Kwa gavana nilikijaza kiduara wino. Kwa mwanasheria mkuu. Nikafika kwenye kiti cha Baraza la Wawakilishi. Majina matatu, la chini kabisa lilikuwa lake: Lorna Haug. Jina langu la ukoo, nililompa mimi kanisani. Kalamu ilikuwa juu ya kile kiduara. Nikasikia viti vikisogea, nikasikia mtu akikohoa, na kikohozi kilikuwa cha Gordy.

Niliruka mstari. Sikumpigia mwingine. Nilijiambia hiyo si kusaliti, ni kuruka tu, kama mtu anayeruka dimbwi. Nikaendelea na sherifu, hakimu, bodi ya udongo na maji. Nikaingiza karatasi kwenye mashine, nikapewa kijibandiko, nikala biskuti.

"Tumefanya," Lorna alisema nje, akanishika mkono kwa ule mzima. Mkono wake ulikuwa na joto.

Jumatano, 7 Novemba. Digrii 28. Anga nyeupe.

Rasmusson ameshinda. Kampita Bi Boe kwa kura mia tatu na kumi. Lorna kapata mia sita na kumi na mbili, kwa hiyo sasa hata watu wa Bi Boe wana sababu ya kumlaumu na kutopokea simu yake.

Lorna aliisoma karatasi ya matokeo mezani, kata kwa kata, miwani kwenye ncha ya pua. Nilisimama nikikausha sahani ambayo ilikuwa imekauka.

"Norden," akasoma. "Rasmusson thelathini na saba. Boe kumi. Haug tatu." Akatabasamu, mara ya kwanza tangu ajali. "Tatu, Verlyn. Mimi, wewe, na Ardis. Basi, inatosha. Angalau ninawajua wangu."

Niliendelea kukausha.

"Waliofika ni hamsini na mmoja," akaendelea, kalamu ikigonga karatasi. "Kura za kiti hiki ni hamsini. Mmoja kapiga zote akaruka yangu. Mwoga gani huyo? Angempigia hata Rasmusson ningemheshimu."

Nikasema, "Ndiyo hivyo."

Na kisha, nikiwa na sahani mkononi, nikaanza kuogopa kwa namna nyingine. Lorna, Ardis. Mimi simo. Basi ya tatu ni ya nani?

Alhamisi, 8 Novemba. Digrii 27. Magari nane, vidole saba. Gordy alisema kweli, yote yanarudi kama zamani. Sikuinua changu hata mara moja.

Jumamosi, 10 Novemba. Digrii 25. Upepo mkali wa kaskazini-magharibi.

Arlen alikuja ghalani na lori la mahindi, la mwisho la mwaka. Tulikuwa wawili tu kwenye mizani. Nikaandika uzito, nikampa karatasi yake. Hakuondoa lori. Akashusha kioo.

"Shemeji, ile trei," akasema. "Kama mmemaliza nayo. Beverly anaitafuta, anataka kuokea viazi vitamu sikukuu ya Shukrani. Nimemwambia nadhani iliachwa kanisani."

Sikuelewa, halafu nikaelewa.

"Ilikuwa yako?"

"Niliitoa kwenye friza yake. Niling'oa utepe, Beverly asijue. Na wengine wasijue." Akatazama mbele, kwenye barabara. "Kilikuwa kizuri?"

"Kilikuwa kizuri sana," nilisema. Mbwa ndiye shahidi wangu.

Akaitikia kwa kichwa. Mikono yake mikubwa ilikuwa juu ya usukani, ina nyufa, imejaa vumbi la mahindi.

"Mwezi wa nane nilipima kisima changu mwenyewe," akasema. "Usiniulize kipimo kilisoma ngapi. Mjukuu anakuja kila Jumapili kunywa maji yale." Akavua kofia. "Basi tulikuwa watatu. Dada, bibi Ardis na mimi. Mimi nilitegemea wanne."

Upepo ulitikisa bati la paa. Nilitazama viatu vyangu.

"Na tairi nalo," akasema, bila ukali wowote, na ingekuwa nafuu angepiga kelele. "Nilipofika ulikuwa na spana mkononi. Uliiweka juu ya matofali. Nilipoondoka ilikuwa pale pale. Niliposikia ajali nikajua. Nikasubiri useme. Siku ile ulipoleta birika nikadhani umekuja kusema."

"Kwa nini hukumwambia wewe?"

"Angeniamini mimi?" Akawasha injini. "Na ni mume wake wewe, si mimi. Mimi ni ndugu tu."

Akaondoka. Lori lilipofika barabarani, aliinua kidole. Kwangu, mimi, baada ya yote hayo. Nimeogopa watu wengi mwaka huu, na huyu ndiye niliyemwogopa kuliko wote, na ndiye aliyekuwa na mengi ya kupoteza. Mimi nilikuwa na mizani tu.

Jumapili, 11 Novemba. Digrii 22.

Nimemwambia. Yote mawili, nati na mstari.

Jumatatu, 12 Novemba. Digrii 20. Utulivu, hakuna upepo.

Jana sikuweza kuandika zaidi. Nilimwambia jikoni baada ya kanisa, nikiwa nimesimama. Nilianza na tairi. Nilipofika kwenye kura, akavua miwani. Akaniambia, "Wiki nne nimemchukia ndugu yangu. Ulinitazama nikimchukia." Akaiweka miwani mezani. "Ile ya kura ningeweza kucheka siku moja. Hii sijui."

Nikamwambia trei ilikuwa ya nani. Hapo akakaa.

Kisha akasimama, akaishusha kutoka juu ya friji, akaiosha kwa mkono mmoja ingawa ilikuwa safi, akavaa koti. Nikataka kuendesha, akasema hapana. Alikwenda kwa miguu, kukatisha shamba, trei kwapani. Kupitia dirishani nilimwona akifika mabandani, siyo nyumbani. Nilimwona Arlen akitoka. Walisimama mbali mbali kidogo, kama watu wa kwetu. Halafu hawakuwa mbali.

Alirudi baada ya saa mbili, macho mekundu, na birika la mama yao mkononi. Hakunisemesha hadi leo asubuhi. Leo alinikuta mezani, akaweka mbele yangu trei yetu wenyewe, ile kubwa, na utepe na kalamu.

"Jumatano tumealikwa kwa Arlen na Beverly, saa sita mchana," akasema. "Beverly anaamini hadi leo kwamba ninamsingizia mume wake. Utapika wewe. Utaiweka mezani wewe. Na kabla ya sala utamwambia Beverly nani aliyeziacha zile nati bila kuzikaza."

"Na kura?"

"Hiyo kamwambie Ardis. Anakusifia kwa majirani."

Jumanne, 13 Novemba. Digrii 18. Theluji inchi mbili, imeshika. Nimekwenda kwa Ardis. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya, mwanangu, nibebee chupa zile za maji ndani." Nimebeba zote. Hakunisifia.

Jumatano, 14 Novemba. Digrii 19. Upepo hakuna.

Nyama, mchuzi wa uyoga, viazi vimepangwa kwa mistari. Mistari yangu imepinda. Imo ndani ya oveni. Chini, kabla ya kuijaza, nimebandika utepe na kuandika kwa wino mweusi, VERLYN HAUG, nikaigeuza mara mbili kuhakikisha jina linasomeka. Lorna yuko kwenye lori tayari, amekaa upande wa dereva, injini inawaka. Naogopa kuliko siku zote za msimu huu. Kengele ya oveni imelia. Naenda kuitoa.